Wavuvi wa mshipi ni wachache. Je, wanaweza kukulisha?

Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia, nami nimeifupisha kidogo barua yake:

"Mimi hurekodi video za kuvua kwa mshipi nikiwa mwambani, sitoki na boti. Naonyesha chambo, mafundo, maji yanavyokwenda na samaki niliyempata. TikTok nina wafuasi 4,300, YouTube 1,900, na huko YouTube video zangu zote hutazamwa kama mara 12,000 kwa mwezi. Mwaka mzima wamenilipa mara moja. Rafiki yangu wa hapa mtaani hufanya vichekesho, ana wafuasi zaidi ya laki mbili, na kila tukikutana hunicheka kwamba nahubiria samaki. Nafanya kazi ya zamu kwenye yadi ya makontena na natamani siku moja video zinilishe. Watu wachache hivi, wanaopenda jambo moja dogo, wanaweza kweli kumlisha mtu, au najidanganya?"

Ndugu yangu, wanaweza. Si kwa njia unayoingojea wewe, na si kwa haraka unayoitamani, lakini wanaweza, na wako watu hapa Mombasa wanaoishi hivyo bila majina yao kujulikana nje ya vikundi vyao. Huko kutojulikana ndiko kunakofanya vijana wengi wasiwaone, wakadhani njia ni moja tu, ya kukusanya malaki.

Tuanze na pesa unayoingojea. YouTube hukuingiza kwenye mgao wa matangazo ukifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zako zikitazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Hilo umelivuka, hongera. Baada ya hapo, tangazo likiwekwa kwenye video ndefu, wewe wachukua asilimia 55 na wao asilimia 45. Ukisikia hivyo waona ni mgao wa haki. Swali ni asilimia 55 ya nini. Mwenye tangazo hulipa kulingana na mfuko wa anayetazama, na mtazamaji wa Mikindani hauzwi bei moja na mtazamaji wa Marekani. Tuseme kwa ukarimu kwamba kila mara 1,000 unazotazamwa zinakuachia dola 1. Basi kwa mwezi una dola 12, na YouTube haitumi chochote mpaka ifike dola 100. Piga hesabu uone ni mwezi wa ngapi. Hakuna aliyekudhulumu, ndiyo hesabu yenyewe. TikTok nao, mpango wao wa kulipa kwa kutazamwa uko wazi kwa nchi chache na Kenya haimo, kwa hivyo huko unabaki hasa na zawadi za laivu.

Kuhusu rafiki yako, usimwonee wivu wala usimbeze. Mchekeshaji ana njia zake za kula: huitwa kuwa MC harusini, na maduka humlipa kwa sababu yanataka tangazo lionwe na umati. Lakini watazamaji wake ni kama abiria wa feri yenu ya Likoni: wanajazana, wanavuka, wanashuka, na hakuna anayemuuliza mwenzake jina. Ukimfuata huko utakuta foleni ndefu ya wachekeshaji imeshakutangulia, na baadhi yao wanachekesha kweli. Kwenye mwamba wako, ni nani mwingine anayefundisha kwa Kiswahili jinsi ya kufunga ndoana ya tewa?

Fikra kwamba wachache wanatosha ina miaka kadhaa. Mwaka 2008 Kevin Kelly, mmoja wa walioanzisha jarida la Wired la Marekani, aliandika kwamba msanii hahitaji mamilioni ya watu. Akipata 1,000 wanaompenda kwelikweli, kila mmoja akatumia kwake dola 100 kwa mwaka, maisha yake yamesimama. Miaka mitano baadaye, mwaka 2013, mwanamuziki Jack Conte, aliyechoka kuona video alizozigharamia sana zikimletea vijisenti vya matangazo, alianzisha Patreon pamoja na Sam Yam ili shabiki amlipe msanii wake moja kwa moja kila mwezi.

Hesabu yao haitukai sawa. Dola 100 ni kama Sh 13,000, na mvuvi wa Mtongwe hatakupa hizo hata akupende vipi. Patreon nayo inataka kadi ya benki au PayPal, na mteja wako amezoea kulipa kwa M-Pesa tangu ilipoanza mwaka 2007. Kwa hivyo usinakili namba zao. Chukua wazo tu: kwamba kipato kinaweza kutoka kwa watu 60 au 100 ambao wewe una faida kwao, bila kujali wengine elfu wanakuonaje.

Na faida ndiyo neno kubwa hapa, maana vijana wengi hutafuta kupendwa. Mtu hatoi pesa kila mwezi kwa sababu tu anakupenda. Anatoa pesa akiwa na haja inayomrudia. Mvuvi wa mshipi akiamka Jumamosi alfajiri akakosea maji kwa saa moja, amerudi nyumbani mikono mitupu, na nauli na chambo vimekwenda. Anayempunguzia kosa hilo amemwokolea pesa, na atamtafuta tena wiki ijayo. Kichekesho mtu akikikosa, amekosa nini? Halafu haja ya huyu mvuvi haina maduka mengi ya kuihudumia. Video za Kiingereza zipo tele, lakini zinafundisha samaki wa Florida, kwa vifaa ambavyo bei yake ni mshahara wako wa miezi miwili. Wewe unazungumza changu, tafi na kolekole, kwa mshipi wa mkono na chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, iliyoyeyushwa nyumbani.

Kuna dada mmoja wa Majengo anayechora piko na hina. Alianza kama wenzake wote, video za mikono ya maharusi na muziki nyuma, watu wanapenda na kupita. Pesa ilitoka kwa maharusi wenyewe, na maharusi hawapatikani kila wiki. Kilichobadili mambo ni video moja isiyo na urembo wowote. Aliisogeza koni ya hina karibu na kamera, akaikata ncha kwa mkasi mdogo, akaonyesha tundu la kuchorea uzi na tundu la kujazia maua, kisha akaiminya juu ya sahani ili uone hina iliyo nyepesi mno inavyotambaa na ile iliyokaa sawa inavyosimama. Haikutazamwa na wengi. Lakini waliotazama walikuwa wachoraji wenzake, wa Malindi, wa Lamu, wa Tanga, na wanawake walioko Muscat wanaochora majumbani mwao. Wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe mambo ya ufundi. Akawafungulia mahali pao. Leo anawauzia koni alizojaza mwenyewe, karatasi za michoro mipya kabla ya kila Idi, na darasa la siku mbili kwa wanaoanza. Maharusi bado wapo, ila kodi ya nyumba inatoka kwa wachoraji.

Tazama nani analipa hapo. Aliyekuwa akitazama kazi yake hakumlipa. Anayeifanya kazi hiyo hiyo ndiye aliyemlipa.

Sasa nimepitia video zako, tena zote. Barua yako inajivunia ile ya tewa mkubwa, iliyotazamwa sana kule TikTok. Nimesoma walichoandika watu chini yake: mashallah, mashallah, vikopakopa vya alama ya moyo, na mmoja anauliza kilo bei gani. Kisha nikaikuta ile ya kufunga fundo, ambayo hata hukuitaja. Mikono miwili, ndoana, na mshipi. Unaulowesha mshipi kwa mate kabla ya kukaza, na unaeleza kwamba ukikaza pakavu uzi unapata moto kwa kusuguana, unadhoofika, na samaki mwenye nguvu anaukatia papo hapo kwenye fundo. Imetazamwa mara chache sana. Lakini mtu wa Kilifi ameuliza ndoana namba gani inafaa kwa changu, na kabla hujamjibu mtu wa Tanga amemjibu, wa tatu akaja kupinga, akasema inategemea umetia pweza au kamba. Wameendelea siku nzima bila wewe. Hao ndio wateja wako, na wamejikusanya wenyewe. Mahali ambapo watu wanazungumza na wewe tu, una watazamaji. Wakianza kujibizana wao kwa wao una jamii, na jamii hulipa kwa sababu akiondoka mmoja anawapoteza pia wale wenzake.

Basi wape pa kukaa. Fanya sehemu mbili. Ya nje iwe bure: chaneli ya WhatsApp, ambako mtu anakufuata bila wengine kuona namba yake, na humo unatia video zako na habari za juu juu. Ya ndani iwe ya kulipiwa: kundi dogo. WhatsApp inaruhusu kundi la hadi watu 1,024, lakini kwa kazi yako zaidi ya 100 ni kelele. Kumbuka kwamba ndani ya kundi kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Mweleze mtu hilo kabla hajaingia. Kuna kina mama wanaovua, na hao hasa hawapendi namba zao zitapakae. Isitoshe, ukianza kuweka orodha ya majina na namba za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu: mtu akubali, ajue unaitumia kwa nini, na akitaka kufutwa umfute.

Orodha hiyo iandike pia daftarini, kwa kalamu. Nasema kwa uzito. Vine, uliokuwa mtandao mkubwa wa video fupi, ulitangazwa kufungwa mwaka 2016 na watu wakabaki na mamilioni ya wafuasi hewani. India iliifunga TikTok mwaka 2020 kwa amri ya siku moja. Na huhitaji serikali ili upotee. Simu ikiibiwa pale Mwembe Tayari, au mtu akakuhadaa ukampa ile namba ya siri ya WhatsApp, siku hiyo hiyo umekuwa mgeni kwa watu wako mwenyewe.

Ndani ya kundi unauza nini? Kitu cha kwanza kisichokugharimu ni sauti yako ya kila Alhamisi usiku, dakika tano tu. Ni bamvua, yaani maji makubwa, au ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, maji yatajaa Kilindini saa ngapi Jumamosi, upepo umekaaje, wiki hii samaki wamekula chambo gani na wapi wamegoma. Utaniambia jedwali la maji kila mtu aweza kulipata kwenye simu. Ndiyo, ila jedwali halisemi kitu kwa mtu asiyejua kulisoma. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mwamba unaofaa maji yakiwa yamekupwa waweza kuzingirwa na maji saa chache baadaye, mtu akiwa juu yake. Unalipwa kwa kusema: kwa maji haya na upepo huu, nendeni huku, na kule msikanyage.

Cha pili ni vifaa vilivyokwisha kutengenezwa. Wanaoanza wanashindwa na vitu vidogo: wananunua ndoana kubwa mno, mshipi mwembamba mno, hawajui chubwi ya uzito gani. Wewe funga kifurushi cha changu na kifurushi cha kolekole, mshipi umeshapimwa, ndoana zimeshafungwa kwa lile fundo lako, mtu akifika baharini anatia chambo tu. Hapa ile video inageuka kuwa bidhaa. Usiagize shehena kutoka ng'ambo. Nunua kwa jumla mjini, tengeneza 20, ziishe, tengeneza tena.

Cha tatu, na hapa nitakaa kidogo, ni kutoka na watu. Nairobi kuna watu wengi tu wanaopanda treni Ijumaa, wanakuja kukaa ufukoni siku mbili na hawana la kufanya baada ya kuogelea. Mtu wa namna hiyo akikuona mtandaoni ukivua kutoka mwambani, anatamani, na anaogopa kwenda peke yake. Wachukue wanne, Jumamosi asubuhi, kutoka nchi kavu. Nimesema nchi kavu kwa makusudi. Najua umeshaanza kuota boti. Boti ina usajili, leseni, maboya, bima na nahodha, na abiria wako akizama hakuna video itakayokuokoa. Hata kwenye mwamba, usimchukue mtu kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini, bahari ikichafuka, na waulize watu wa idara ya uvuvi juu ya kibali cha wageni wako kabla ya kupokea pesa ya mtu. Ukiwa na kibali mkononi hata bei yako inapanda, kwa sababu wenzako wengi hawana.

Kuna la nne, maduka ya vifaa yatakuja yenyewe. Mwenye duka akiona watu watatu wameingia wiki moja wakisema wametumwa na wewe, atapiga simu. Chukua pesa yake, lakini kwa masharti yako: ukijaribu kitu kikivunjika, unasema kimevunjika. Kundi la watu 60 wanaovua kila wiki litaijua fimbo mbovu kabla ya mwezi kuisha. Mchekeshaji akitangaza kitu kibovu, umati umeshasahau. Wako hawatasahau, na watakwambia mbele ya wenzao.

Sasa malipo. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa sababu wanaiga mtindo wa kulipa kila mwezi. Kwa kadi ya benki, mwezi ukifika pesa inakatwa yenyewe na mwenye kadi hata hakumbuki. Kwa M-Pesa, mtu lazima atoe simu, aandike namba, afikiri upya kama anakuhitaji. Ukimdai Sh 200 kila mwezi, mwezi wa tatu unakuwa mdai wa madeni na rafiki yako anaanza kukukwepa. Safaricom walileta huduma ya M-Pesa Ratiba mwaka 2024 ya kupanga malipo yajitume yenyewe, na wachache wataitumia. Mimi nakushauri uuze kwa msimu, maana bahari yenyewe imeshakugawia mwaka. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, mtu alipe Sh 1,000 mara moja. Kusi, uvuaji ukiwa mgumu, punguza bei na geuza mada: kutengeneza vifaa, kukarabati, kuvua ndani ya vijito vya Tudor na Port Reitz ambako upepo hauumi sana. Hakuna mvuvi utakayemweleza mara mbili kwa nini bei imefuata kaskazi na kusi.

Pokea kwa namba ya till ya M-Pesa au Pochi la Biashara, usipokee kwenye M-Pesa yako ya kawaida. Kwanza, pesa ya kundi isichanganyike na ya unga. Pili, matapeli: kundi likianza kusikika, atatokea mtu na picha yako akiwaambia watu "namba imebadilika, tumeni hapa." Iwe namba moja, jina linalotokea mtu akilipa liwe moja, na liandikwe juu kabisa pale kundini.

Walioko nje ni habari nyingine. Utashangaa ni wangapi wako Muscat, Dubai, London na Toronto, hawajashika mshipi miaka 10, na wanataka tu kusikia mtu akisema bamvua kwa lafudhi ya nyumbani. Hawa ndio pekee nitakaokubali kwamba wanalipa kwa mapenzi. Usiwahangaishe na kadi. Huyo mtu karibu kila mwezi anatuma pesa kwa mamake au nduguye aliyeko Kisauni, basi mwambie nduguye alipe kwenye till. Nimeona njia hii ikifanya kazi vizuri kuliko programu zote za kupokea michango.

Hesabu kwa jumla, na hii ni ya makadirio. Watu 60 wakilipa Sh 1,000 kwa msimu wa miezi mitano, hiyo ni Sh 12,000 kwa mwezi. Jumamosi mbili za kutoka na watu wanne, kila mmoja Sh 2,500, ni Sh 20,000, ukitoa chambo, chai, nauli na kibali labda unabaki na 14,000. Vifurushi 50 vyenye faida ya Sh 120 kimoja, Sh 6,000. Jumla Sh 32,000. Si utajiri, na si hela ya kuachia kazi ya zamu leo. Lakini linganisha na zile dola 12. Na angalia kwamba katika hesabu yote hiyo sijagusa wale wafuasi 4,300 zaidi ya mia hivi. Waliobaki kazi yao ni kukuletea wapya.

Kodi, kwa ufupi. Tangu tarehe 1 Julai 2023, Sheria ya Fedha ya mwaka huo inataka anayekulipa kwa maudhui ya mtandaoni akate asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi. Mswada ulikuwa umependekeza asilimia 15, ikapunguzwa. Duka likikulipa kwa tangazo, wakikata hiyo, dai cheti chake. Pesa nyingine zako bado unazitangaza kwenye ritani ya mwaka. YouTube nao wana fomu ya kodi ya Marekani: ukiijaza, makato yanagusa tu pesa iliyotokana na watazamaji walioko Marekani, kwa asilimia 30 kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ya kila nchi. Kama hujaijaza, ijaze.

Kuna jambo ambalo washauri wa mitandao hawatakwambia, kwa sababu hawavui. Jamii yako ya mtandaoni inakula kutoka baharini, na kuna jamii nyingine, isiyo ya mtandaoni, iliyokuwa ikila hapo kabla yako. Ukirekodi mwamba fulani ukautaja kwa jina, wiki mbili baadaye utakuta watu 30 wamesimama pale, na wazee wanaovua hapo kila siku kwa ajili ya mboga ya usiku watajua ni nani aliyewaleta. Nenda kwenye BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo husika, jitambulishe, waulize wapi wanaridhia paonyeshwe na wapi pafichwe. Kwenye video usionyeshe alama za mahali ambapo samaki wanakwenda kuzaana. Eneo la hifadhi kamili la bahari la Mombasa, lililotengwa mwaka 1986 na linalosimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, haliruhusiwi kuvuliwa kabisa, na video yako itakuwa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Juya, ule wavu wa kukokota, na bunduki za kuchoma samaki zilipigwa marufuku nchini mwaka 2001. Akitokea mwanachama akatuma picha za mavuno ya juya akisifiwa, mtoe siku hiyo hiyo, hata kama amelipa msimu mzima. Mrudishie pesa yake. Wengine wote watakuwa wanakutazama utafanya nini.

Na uchaguzi wa 2027 unakuja. Weka sheria mapema kwamba siasa haiingii kundini, hata iwe ya diwani wa kwenu. Makundi mazuri ya hapa pwani yamevunjika kwa habari za wagombea kuliko kwa ukosefu wa pesa.

Kama ningekuwa wewe, wiki hii nisingerekodi chochote. Ningewatumia ujumbe wale watu waliojibizana chini ya video ya fundo, mmoja mmoja, nimuulize kila mtu: ukitoka kuvua na ukakosa, mara nyingi ni kwa sababu gani? Majibu yao ndiyo ratiba yako ya Alhamisi. Kisha ningechukua 20 kati yao bure kwa mwezi mmoja, nikawapa ile sauti kila wiki bila kukosa, hata nikiwa zamu ya usiku. Mwezi ukiisha ningetaja bei. Usitoe punguzo, usiombe. Wakilipa 12 kati ya 20, funga safari ya kwanza ya watu wanne na utengeneze vifurushi 20. Wakilipa watatu, sauti yako haijawafaa bado. Wapigie waliokataa uwaulize, na subiri msimu unaofuata kabla ya kutaja bei tena.

Kazi ya yadi usiiache mpaka kaskazi moja na kusi moja zipite ukiwa na watu wasiopungua 40 waliolipa mara mbili, maana waliolipa mara ya pili ndio wa kuhesabu. Na ukifika hapo, niandikie tena kuhusu hiyo boti.